Shamba la michikichi la ukoo halifufuliwi kwa kokwa za kuokota

Mhariri,

Tangu Kassim Majaliwa, wakati huo akiwa Waziri Mkuu, aipigie debe michikichi ya Kigoma mwaka 2018, familia nyingi zimerudi kwenye mashamba yaliyoachwa na mababu. Nia ni njema. Kinachotutia shaka ni miche.

Michikichi ya zamani huku kwetu karibu yote ni dura: gamba la kokwa ni nene, milimita 2 hadi 8, na nyama yenye mawese ni kidogo. Tenera, mbegu inayozalishwa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga, ina gamba jembamba na nyama tele. Basi mtu akiona tenera ya jirani imezaa, huokota kokwa na kusia. Hapo ndipo hasara inapoanza, kwa sababu tenera ni chotara wa dura na pisifera, aina ambayo kokwa yake haina gamba. Jambo hili lilionyeshwa ng'ambo ya ziwa, Yangambi nchini Kongo, na watafiti Beirnaert na Vanderweyen mwaka 1941. Tenera ikichavushwa na tenera, katika kila miche 4 tarajia dura 1, tenera 2 na pisifera 1, ambayo kwa kawaida haikomazi mikungu. Ikichavushwa na dura, ambayo ndiyo imejaa vijijini, nusu ya miche hurudi dura. Nawe utajua mwaka wa tatu au wa nne, jasho limeshakwenda. Kipimo ni kisu: kata tunda kwa upana, ukiona duara la nyuzi nyeusi kuzunguka gamba, hiyo ni tenera.

Kosa la pili ni kuchomeka miche chini ya michikichi mirefu. Kivulini mche hurefuka, hukonda na kuchelewa kuzaa. Afadhali kugawa shamba mapande matatu, kufyeka pande moja lote na kuendelea kuvuna mengine mpaka hilo lianze kuzaa. (Ndugu wakubaliane kwanza kuhusu mipaka, shoka likitangulia, kesi hufuata.) Magogo yasiachwe yaoze yakiwa mazima. Humo ndimo chonga, mbawakawa mweusi mwenye pembe, hutaga mayai, kisha hutoboa kilele cha miche. Yapasuliwe vipande vidogo yakauke upesi.

Nafasi ni mita 9 kwa pembetatu, miche kama 57 kwa ekari. Inaonekana mingi mno ardhi ikibaki wazi, na wengi hujaribiwa kubananisha; miaka miwili ya mwanzo pandeni maharage au karanga katikati. Shimo liwe sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza. Mche uwe na miezi 10 hadi 12, upandwe mvua zikishika Novemba ili mizizi itangulie kiangazi cha Juni. Shingo yake ikifukiwa huoza.

Jambo la mwisho ni kupogoa. Wapo wanaoacha mchikichi na kishungi tu juu, eti shamba lionekane safi. Majani ndiyo yanayolisha mkungu, na mti ulionyang'anywa majani hutoa maua dume mengi kuliko jike, sawa na uliokosa maji. Chini ya kila mkungu yabaki majani mawili. Yaliyokatwa yalazwe kati ya mistari, yasichomwe.

Wakulima wa michikichi,
Kigoma Vijijini