Si farasi, ni debe: barua kwa binti yangu saisi

Njoro, Jumapili jioni

Binti yangu,

Ulimwambia mamako asiniambie. Aliniambia kabla chai haijachemka. Kwa hivyo najua maumivu yanaanzia kiunoni, yanapita kwenye tako la kushoto, yanateremka hadi kidole gumba cha mguu, na ukipiga chafya unashika ukuta. Najua pia picha ya MRI imeonyesha diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno imetokeza na kubana neva. Na najua ulilia, si kwa uchungu, bali kwa sababu mtu fulani hapo kazini alikwambia sasa uagane na farasi.

Mimi sikwambii uagane nao. Nimekuwa saisi, yaani mtunza farasi, miaka 31, mgongo wangu uliharibika nikiwa na miaka 43, na nilipanda hadi siku ya kustaafu. Lakini miaka miwili ya mwanzo niliipoteza kwa ujinga, na ujinga huo sitaki uurithi.

Kwanza nililaumu farasi. Kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba ni kudunda juu ya tandiko. Uongo mtupu, maana siku ile nilikuwa hata sijapanda. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, ile baridi ya Njoro unayoijua, nikainama kunyanyua debe la maji, nikajipinda nalo ili nipite mlangoni mwa banda. Nikasikia kitu kimekatika kiunoni, nikapiga magoti kwenye tope. Farasi amesimama tu ananitazama, anangoja maji yake.

Hebu piga hesabu. Debe la lita 20 ni kilo 20. Farasi mmoja hunywa kama lita 25 hadi 50 kwa siku. Sisi tulikuwa masaisi wawili kwa farasi wanane. Ongeza marobota ya nyasi, samadi, na kwato 32 za kuinamia kila asubuhi. Yule Beryl Markham uliyemsoma ukiwa shule, aliyekulia hapa hapa Njoro, akafundisha farasi wa mbio, kisha mwaka 1936 akavuka Atlantiki peke yake kwa ndege, sijapata kusikia mtu akiuliza nani aliwachotea maji wale farasi.

Fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, aliyenisaidia hatimaye, Nakuru mjini, alinieleza diski kwa lugha ya gereji: ni kama bushi za matatu, zile raba zinazozuia chuma kugonga chuma. Tofauti ni kwamba bushi hii ina ute katikati, mithili ya mrenda, na ganda la nyuzinyuzi kuuzunguka. Ganda likichoka, ute husukumwa nyuma, na huko nyuma ndiko neva zinakopita.

Halafu akaniambia jambo ambalo saisi yeyote angepaswa kuambiwa siku ya kwanza ya kazi. Usiku ukilala, diski hunyonya maji. Ukiamka imejaa na kukaza, na kuinama saa hiyo huikandamiza kuliko kuinama mchana. Na sisi huamka tukafanya nini? Tunainamia kwato! Kazi nzito yote ya banda imepangwa katika saa ile ile ambayo mgongo hauitaki.

Nikabadilisha ratiba. Alfajiri nilianza kwa kuwatembeza farasi, au kuwapiga brashi nikiwa wima. Kwato na samadi zikangoja hadi saa mbili na nusu. Maji nikayaleta kwa mpira, na mpira usipofika nilibeba ndoo mbili nusu nusu, moja kila upande, badala ya moja iliyojaa upande mmoja. Kugeuka, nageuza miguu, si kiuno. Wenzangu walicheka kwa wiki moja hivi. Baadaye mmoja wao akaniuliza niliununua wapi ule mpira.

Ujinga wa pili ulikuwa sindano. Kila Jumatatu nilipita duka la dawa kuchomwa diklofenaki, kisha napanda kana kwamba nimepona. Nilikuwa nimenyamazishwa tu, na tumbo likaanza kunichoma. Dawa hizo zikizoeleka huumiza tumbo na figo. Na mkandaji wa kukukanyaga mgongo kwa visigino usimkaribie, hata shangazi yako akimsifu vipi.

Wala usijilaze wiki tatu kama nilivyofanya. Siku moja au mbili zatosha, kisha utembee, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Wengi wenye shida hii hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kupasuliwa. Picha nayo isikutishe kupita kiasi: kuna watu wengi ambao diski zao zimetokeza vivyo hivyo na hawaumwi popote. Fizio akikupa mazoezi ya tumbo na makalio, yafanye hata siku usiyoumwa. Hasa siku usiyoumwa.

Kuhusu kupanda tena. Ngoja uchungu wa mguuni upungue, uweze kutembea kwa visigino bila wayo kulegea, na daktari aridhie. Kisha anza kwa mwendo wa kutembea tu, dakika kumi, juu ya yule jike wa kijivu mpole. Mwendo huo huchezesha nyonga karibu sawa na unapotembea mwenyewe. Troti ya kukaa, yaani farasi akikimbia polepole kwa kudunda nawe umeketi tu, iache kwanza, ndiyo inayogonga pingili. Ukifika wakati wa troti, inuka na kuketi kwa mdundo wa farasi, magoti yakipokea uzito. Na usipande kutoka chini. Kule kujivuta juu huku mguu mmoja ukiwa kwenye kikuku cha tandiko hupinda kiuno vibaya. Simama juu ya kitu. Kushuka pia, usijitupe kama gunia la viazi.

Farasi mkorofi mwachie mwingine mwaka huu. Kuanguka hakuna zoezi linalokutibu.

Sasa jambo moja ambalo sina mzaha nalo. Ukihisi ganzi katikati ya mapaja, pale unapokalia tandiko, au mkojo ukakataa kutoka, au ukatoka bila wewe kujua, au miguu yote miwili ikalegea, usingoje asubuhi. Usimtafute fizio. Panda gari uende hospitali yenye daktari wa upasuaji usiku huo huo. Madaktari wenyewe huiita ganzi ya tandiko, na ukichelewa huenda neva zile zisirudi tena.

Mwambie meneja, na mwambie aandike. Mimi nilificha miezi saba nikiogopa kufutwa, nikafutwa ruhusa ya kupanda kwa muda siku nilipoanguka mbele yake. Kuna sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya mwaka 2007, lakini haiwezi kumsaidia mtu ambaye hakusema kitu. Hakikisha pia wanakukata na kulipa ile asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya ya SHA, maana kukatwa ni jambo moja na pesa kufika ni jingine.

Jumamosi nitakuja Gilgil. Nitakaa kiti cha mbele na nitashuka Nakuru kunyoosha miguu kabla ya kupanda gari la pili, kwa hivyo usinipigie simu kila dakika. Nakuletea kile kigogo changu cha mwerezi nilichokuwa nikipandia farasi. Mamako amekuwa akikitumia kukatia kuku, kwa hivyo kina alama za panga, lakini hakiyumbi. Usikibebe. Nitakiingiza bandani mwenyewe kwa wilbaro.

Baba yako