Kazi ya kikundi si ujifunzaji wa timu

Mhariri,

Mimi ni mkufunzi wa uuguzi. Kila nikikutana na wakufunzi wenzangu naambiwa kwamba nao siku hizi wanafundisha kwa timu. Nikiwauliza wanafanyaje, naelezwa kuwa wanafunzi hugawanywa kumi kumi, hupewa mada, kisha wiki inayofuata mmoja wao husimama kuisoma mbele ya darasa. Hiyo ni kazi ya kikundi ileile tuliyoizoea, wawili wanaandika na wanane wanatia majina.

Njia ya ujifunzaji wa timu aliyoianzisha profesa Larry Michaelsen katika Chuo Kikuu cha Oklahoma, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970 ina masharti yake. Mwalimu ndiye anayepanga timu, kwa kawaida watu 5 hadi 7, na hazivunjwi mpaka kozi iishe. Mwanafunzi husoma kabla ya kuja. Akifika hufanya jaribio peke yake. Karatasi zikishakusanywa, timu inayajibu maswali yaleyale kwa kujadiliana. Alama zote mbili huhesabiwa. Timu isiyoridhika na jibu la mwalimu ina haki ya kukata rufaa kwa maandishi, na ushahidi juu.

Wengi wanaliruka jaribio la peke yake, eti linakula muda. Nawasihi wasiliguse. Niliwahi kuuliza darasani: mama ametoka kujifungua, damu inamtoka kwa wingi, mji wa mimba umelegea, utaanza na lipi? Timu moja ikachagua kupima shinikizo la damu. Kumbe binti mmoja wa timu hiyo, mpole sana, alikuwa amejibu kwenye karatasi yake kwamba ataukanda mji wa mimba huku akiita msaada. Alikuwa sahihi, na hakusema. Bila karatasi ile nisingejua kwamba anajua, wala wenzake wasingejua kwamba hawakumpa nafasi. Jaribio lililofuata walimgeukia wenyewe: wewe umeandika nini?

Muuguzi anayelimeza jibu sahihi kwa sababu wenzake wamesema kwa sauti kubwa atalimeza hata wodini, na huko mama anaendelea kuvuja damu. Ni afadhali tumzoeshe kusema angali darasani.

Kama muda ni mfupi, tupunguze mihadhara. Wanafunzi wameshasoma, tueleze yale tu ambayo majaribio yameonyesha hayajaeleweka, kisha tuwape kisa cha mgonjwa, timu zote zionyeshe uamuzi wao kwa pamoja na kila moja itetee wake.

Mkufunzi wa uuguzi