Bahasha ya Kaki: Risala ya Akina Mama wa Kayole kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, Daktari, Chifu wetu, mwenyekiti na maafisa wa kikundi, wahamasishaji wa afya ya jamii wa mitaa yetu, akina baba mliokuja na wake zenu, watoto wetu, wageni waalikwa, hamjambo.

Kwa niaba ya wanakikundi wenzangu nakukaribisha Kayole. Tunajua kwamba Jumamosi duka lako la dawa halipumziki, na kwamba leo umemwachia mtu kaunta yako ili uje ukae nasi chini ya hema hili. Kwa hilo tunakushukuru kabla ya mengine yote.

Daktari, kikundi chetu kilianza kama vyama vingi vya akina mama wa Nairobi vinavyoanza: tulichanga, mmoja akapokea, wiki iliyofuata akapokea mwingine. Wengi wetu ni mama mboga, wengine tunauza mitumba, wengine tunafua nguo za watu Komarock na Donholm. Habari za dawa hazikuwa katika ajenda yetu. Kilichotuingiza huko ni bahasha ndogo ya kaki, ile ambayo vidonge huhesabiwa vikatiwa ndani, pamoja na yale yanayoandikwa juu yake.

Mwenzetu mmoja aliumwa jino. Alinunua dawa ya maumivu, ibuprofeni, akapewa bahasha iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu: 1x3. Hakuelezwa neno. Mama huyu huamka saa tisa za usiku ili awahi matatu ya kwanza kwenda Marikiti kununua mboga. Akaifikiria ile hesabu: moja mara tatu ni tatu, na mchana akiwa kibandani hatapata nafasi ya kukumbuka. Basi akavimeza vyote vitatu alfajiri hiyo, tumbo likiwa tupu, akaenda zake. Saa sita mchana tulimkuta amejikunja juu ya gunia la viazi, tumbo linamwaka moto, na jino bado linauma. Tulimpeleka zahanati, akapona. Lakini Jumamosi ile alipotusimulia, tulinyamaza, kwa sababu kila mmoja alikuwa anajiuliza yeye mwenyewe angeisoma vipi ile bahasha.

Ndipo tulipomwita kijana wa duka la dawa lililo karibu na steji. Si yeye aliyeuza dawa ile. Yeye ana diploma yake ya famasia, na leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu ameitundika ukutani mahali ambapo mteja anaiona. Alikuja Jumamosi moja kwa nusu saa, na tangu siku hiyo huja kila mwezi. Yote nitakayoyasema hapa kuhusu dawa tumeyapata kwake, na tunayasema mbele yako ili ukiona tumekosea uturekebishe.

Alianza na 1x3 yenyewe. Alituambia si asubuhi, mchana na jioni kama chakula. Saa 24 ukizigawa kwa tatu unapata nane, kwa hiyo anayemeza saa moja asubuhi atameza tena saa tisa alasiri, kisha saa tano usiku. Sisi tulikuwa tunameza asubuhi na chai, saa saba na chakula, saa moja jioni tukisonga ugali, halafu usiku kucha mwili unabaki bila dawa. Kwa antibiotiki, alisema, hapo ndipo vijidudu hupata nafasi ya kupumua. Ibuprofeni nayo huliwa baada ya chakula, na mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au presha aseme kabla hajapewa. Maneno machache hayo, Daktari, yangeandikwa kwenye bahasha, mwenzetu asingelala juu ya gunia.

Jumamosi nyingine alituomba kila mmoja alete dawa zote za mafua na maumivu zilizo nyumbani kwake. Tukazimwaga juu ya leso: vidonge vyeupe, vidonge vya mafua vya rangi ya waridi, pakiti za unga wa limau wa kukoroga kwa maji moto. Akatoa kalamu, akaanza kuzungushia duara neno moja kwenye kila pakiti, lile linaloandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina kubwa la kibiashara. Parasetamoli. Parasetamoli. Parasetamoli. Mama mmoja aliyekuwa na mafua wiki hiyo alishika mdomo, maana alikuwa anameza zote tatu kwa siku moja akidhani ni dawa tatu tofauti. Mtu mzima hafai kupita gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na kati ya kumeza na kumeza zipite angalau saa nne. Ukizidisha, ini ndilo linaloumia, nalo halipigi kelele mapema. Siku hizi hatununui dawa ya mafua kabla ya kutafuta lile neno dogo.

Daktari, niruhusu nikae kidogo kwenye jambo la watoto, kwa sababu hapo ndipo tulipokuwa tunakosea zaidi, na kwa upendo mwingi.

Mtoto akiharisha, sote tunajua chumvi ile ya pakiti, ORS. Tusilojua ni kuichanganya. Wengi wetu tulikuwa tunatia kidogo kwenye kikombe, tunafunga pakiti kwa uzi, tunaiweka kwa ajili ya kesho. Kijana wetu alitueleza kwamba ndani ya pakiti mna chumvi na sukari kwa kipimo maalumu, na ukiigawa kwa macho huwezi kujua kikombe kipi kimepata nini. Pakiti yote inatiwa kwenye maji safi yote iliyoandikiwa. Na kuna za lita moja, kuna za nusu lita, kwa hiyo lazima usome. Ikifika kesho saa ile ile, kilichobaki kimwagwe. Mtoto akitapika, usikate tamaa. Ngoja dakika kumi, kisha mpe tena kwa kijiko, polepole. Pamoja na chumvi hiyo anapewa zinki, miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, na aliye chini ya miezi sita miligramu 10. Sisi tulikuwa tunaiacha siku ya pili, mara tu choo kinaposhikana. Kumbe zile siku zilizobaki ndizo zinazomsaidia asirudie kuharisha miezi inayofuata. Na akiwa macho yameingia ndani, au hawezi kunywa, au ana damu kwenye choo, hapo si suala la duka la dawa tena. Ni kumbeba mara moja hadi hospitali.

Kijiko nacho kilituumbua. Kijana alipanga mezani vijiko vya chai kutoka nyumba zetu, akavijaza maji kimoja kimoja na kuyavuta kwa bomba dogo la plastiki la kupimia. Hakuna viwili vilivyolingana. Kimoja kilipita mililita 5, kingine kilikuwa chini yake sana. Mtoto wa kilo 8 hana mwili wa kusamehe makosa hayo. Tunaomba kila chupa ya dawa ya mtoto itoke na kipimo chake, na kama hakimo kwenye boksi, tuambiwe tununue bomba hilo.

Kuhusu zile kapsuli za rangi mbili, yaani antibiotiki, nasema hili kwa uchungu, kwa sababu kosa ni letu pia. Tunafika kaunta na kusema, "Nipe ya mia." Hatusemi tunaumwa nini, tunasema tuna shilingi ngapi. Na kuna maduka yanayohesabu kapsuli za mia yakatupa. Mwanakikundi mwenzetu alifanya hivyo kwa kikohozi cha mwanawe, nusu dozi, na zilizobaki za mkubwa akampa mdogo. Mafua na vikohozi vingi huletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi, iwe ya mia au ya elfu. Inayohitajika kweli nayo ikikatwa katikati, vijidudu vinavyobaki ni vile vigumu. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alilionya hili mwaka 1945 siku alipotoa hotuba yake ya Nobel: dawa kidogo isiyotosha humfundisha kijidudu kuizoea. Sisi tunayajua haya sasa. Lakini mama mwenye shilingi mia mkononi na mtoto mwenye joto mgongoni bado atasimama mbele ya kaunta kesho asubuhi, na yule aliye upande wa pili ndiye atakayeamua amwambie nini. Tunaomba amwambie kama dawa hiyo inahitajika au la. Ikihitajika, ataje bei ya dozi nzima, na kama ipo ile ile ya kampuni nyingine kwa bei nafuu, ampe hiyo.

Malaria nayo. Nairobi iko nyanda za juu ambako malaria ni haba, na mtu asiyetoka hapa mara nyingi homa yake ni ya kitu kingine. Lakini sisi tunasafiri. Tukirudi kutoka Busia, Siaya au Pwani na homa, tunapimwa: tone la damu kidoleni, dakika 15 hadi 20, jibu linatoka. Ikiwepo, dawa ni dozi 6 kwa siku 3. Ya pili saa nane baada ya ya kwanza, zilizobaki kila baada ya saa 12, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au chai ya maziwa ili mwili uipokee. Ambaye hakupimwa asiuziwe. Hilo tumekubaliana wenyewe kwa wenyewe, hata mwenye duka akiwa rafiki.

Wazee wetu wa presha wamefaidika na mashine za wahamasishaji walioketi pale mbele. Mzee mmoja alikuwa anameza kidonge chake siku kichwa kinapouma tu. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi inaweza kukaa na mtu miaka bila kichwa kuuma hata siku moja, ndiyo maana kidonge chake ni cha kila siku. Sasa tunamketisha dakika tano kabla ya kumpima, maana ukimpima ametoka kupanda ngazi za ghorofa ya nne utapata nambari za ngazi.

Daktari, ombi letu la kwanza linahusu dirisha.

Tunaelewa kwa nini maduka ya dawa ya mitaa yetu yana vyuma dirishani. Usiku ni usiku, na wezi hawachagui. Lakini kwenye vyuma hivyo mteja anapaza sauti ili asikike ndani, nyuma yake kuna foleni ya majirani. Mwanamume mwenye ugonjwa wa zinaa atasema ana maumivu ya mgongo, naye atauziwa dawa ya mgongo. Msichana anayetaka tembe za dharura atarudi nyumbani bila kusema, na tembe hizo za kuzuia mimba hufaa zaidi ndani ya saa 72, tena kadiri anavyochelewa ndivyo zinavyopungua nguvu. Nalitaja hili watoto wakiwepo kwa kuwa wao ndio linawafika. Tembe hizo hazimkingi na virusi vya UKIMWI. Kwa hilo kuna dawa nyingine, PEP, nayo lazima ianzwe ndani ya saa 72, na hakuna atakayemwambia kama hakuweza kuuliza. Tunaomba kona moja yenye kiti na pazia. Kiti kimoja tu. Wenye maduka wa upande huu wanakusikiliza, kwa sababu wengi wao umewafundisha kazi wewe mwenyewe.

Ombi la pili ni bahasha. Iandikwe jina la dawa, nguvu yake, na maneno ya Kiswahili: kidonge kimoja, kila baada ya saa nane, baada ya kula, kwa siku tano. Kama kalamu inachosha, tumekubaliana kuchanga pesa za muhuri wa kwanza, uchongwe hapa mtaani, upewe duka litakalokuwa tayari kuanza.

Na mahali pa kurudisha dawa zilizopitwa na wakati. Sasa hivi zinaishia kwenye jaa ambako watoto wanacheza, au kwenye mtaro.

Sisi kwa upande wetu tumeahidiana kutosema tena "ya mia" bila kusema tunaumwa nini, na kutogawiana dawa za kuandikiwa, hata kati ya dada na dada.

Katoni iliyo mezani mbele yako si zawadi, Daktari. Zawadi yako ni kiondo kile na mboga zilizomo. Ndani ya katoni mna bahasha ambazo kila mama alizikuta nyumbani kwake, kwenye droo, juu ya kabati, chini ya godoro. Nyingi zina 1x3, nyingine 2x2, na kuna moja ambayo kalamu iliisha wino, ikaacha mikwaruzo tu. Tumezipekua zote, na hakuna hata moja yenye jina la dawa. Mwenyekiti wetu atakukabidhi sasa.

Ni sisi wanakikundi,
imesomwa na Katibu.