Barua ya malalamiko: Stima ilipotea kwa saa 19, programu yenu ya kufuatilia joto la maziwa ikaendelea kuonyesha nyuzi 3.6

Kayole, Nairobi
12 Juni 2025

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Bwana/Bibi,

KUH: KUHARIBIKA KWA LITA 110 ZA MAZIWA

Mimi ni mteja wenu wa miezi 14. Mliniuzia ATM ya maziwa, ile mashine ya kupozea na kuuzia maziwa, ya lita 200, na juu ya bei ya mashine mkaniuzia huduma ya kuifuatilia kutoka mbali: kihisi joto ndani ya tangi, modemu yenye laini ya simu, na programu ya kutazamia kwenye simu yangu. Huduma hiyo nailipia shilingi 1,000 kila mwezi. Siku ya kufunga mashine, fundi wenu alinihakikishia kwamba joto likizidi nyuzi 4 nitapata ujumbe popote nilipo. Ni kwa sababu ya ahadi hiyo nilikubali kulipa, kwa kuwa mama yangu ni mgonjwa na kila baada ya wiki chache lazima nifunge duka niende Mwingi kumwona.

Jumamosi tarehe 7 Juni nilifunga jioni nikasafiri. Ndani ya tangi nilikuwa nimeacha lita 110 za kuuza Jumatatu asubuhi, maana Jumapili sifungui na anayeniletea maziwa haji siku hiyo. Jumapili nilifungua programu yenu mara tatu: asubuhi, saa sita nikimnywesha mama uji, na saa kumi nikielekea stendi. Mara zote niliona nyuzi 3.6, kwa rangi ya kijani.

Kumbe stima ilikuwa imepotea mtaani tangu Jumamosi saa nne usiku, ikarudi Jumapili saa kumi na moja jioni. Hizo ni saa 19, ndani ya duka la mabati. Modemu yenu haina betri, kwa hiyo ilizimika pamoja na mashine, na programu ikabaki na namba ya mwisho iliyopokea ikiionyesha kana kwamba imepimwa dakika hiyo. Hakukuwa na saa ya kipimo, wala alama yoyote ya kunijulisha kuwa mawasiliano yamekatika.

Stima iliporudi, kompresa ilianza kupoza tena, na hapa ndipo hatari yenyewe ilipo. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nilikuta kioo cha mashine kikisoma nyuzi 4. Sikuwa na sababu ya kushuku chochote. Nikauza lita 32. Lita kumi kati ya hizo zilichukuliwa na mama mwenye kibanda cha chai mkabala nami, na nusu saa baadaye akaniletea sufuria nzima ya maziwa yaliyokatika. Wateja wake walikuwa wameketi wakisubiri chai. Nyuma yake akaja msichana aliyetumwa maziwa ya mtoto wa miezi minane.

Nyinyi ni watu wa mashine za maziwa na mnalijua hili kuliko mimi: maziwa yakishapata joto, kuyapoza tena hakuyaponyi. Wako bakteria wanaoacha sumu ambayo hata kuchemsha hakuiondoi. Nilifunga bomba, nikapita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wasinywe, nikawarudishia pesa zao, na lita 78 zilizobaki nikazimwaga. Namshukuru Mungu mtoto yule hakuwa amenyweshwa. Leseni yangu ya Bodi ya Maziwa ya Kenya iko ukutani na jina lililoandikwa pale ni langu. Angeugua mtu, ni mimi ningeulizwa.

Nilipopiga simu ofisini kwenu, mhudumu alikuwa muungwana akanisomea kumbukumbu za seva, yaani kompyuta yenu inayopokea vipimo vya mashine. Nilichokisikia kimenisumbua kuliko hasara yenyewe. Seva yenu ilikuwa imeandika kwamba mashine yangu haikusikika tangu Jumamosi usiku. Iliandika pia kwamba Jumapili saa kumi na moja na dakika tisa jioni, modemu ilipowaka, maziwa yalikuwa nyuzi 16, na ujumbe wa tahadhari ukatumwa papo hapo. Ulitumwa kwa nambari ya fundi aliyefunga mashine, ambaye aliacha kazi kwenu mwaka jana. Kwa miezi 14 nambari yangu haikuwahi kuingizwa. Ningeupata ujumbe ule, nisingemuuzia mtu hata kikombe kimoja.

Lazima niwakumbushe la mwezi Machi. Nilichelewa siku mbili kulipa ile shilingi 1,000, na saa moja asubuhi mkaifunga mashine yangu mkiwa ofisini kwenu, watu wamepanga foleni na chupa mikononi. Nilipolipa kwa M-Pesa ilifunguka kabla sijarudisha simu mfukoni. Mtambo ule ule, laini ile ile. Mnapodai pesa zenu unafanya kazi bila kosa. Nilitarajia uangalifu huo huo kwa maziwa yanayonyweshwa watoto.

Kijana wangu anayesomea kompyuta ameniambia kwamba mwaka 1982 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, waliunganisha mashine ya soda na kompyuta ili wajue, bila kutoka walipo, kama ina soda na kama imeshapoa. Miaka 43 imepita. Siamini kwamba kuandika saa ya kipimo kando ya namba ni kazi iliyowashinda.

Naomba mnilipe shilingi 8,250, gharama ya lita 110 nilizonunua kwa shilingi 75 kila moja, pamoja na ada ya Juni. Pesa nilizowarudishia wateja sizidai; zilikuwa zao. Nataka pia nambari yangu iingizwe leo, pamoja na ya mtu wa pili nitakayemchagua mwenyewe, na modemu iwekewe betri. Programu iache rangi ya kijani mashine inaponyamaza, na tangi likishapita nyuzi 4 kwa muda mrefu, bomba lijifunge mpaka mwenye mashine athibitishe. Uwezo wa kulifunga mnao, nimeuona. Halafu wapigieni wateja wenu wengine mhakikishe tahadhari zao zinaenda kwa nani, kabla hamjanijibu mimi.

Nawapa siku 14. Zikipita bila jibu la maandishi, nitapeleka dai langu katika Mahakama ya Madai Madogo, Milimani.

Kwa sasa nampa bawabu wa jengo la jirani shilingi 50 kila usiku anipigie simu stima ikipotea. Jana ilipotea saa nane usiku, akanipigia, nikaamka.

Wako mwaminifu,
Mwenye ATM ya maziwa, Kayole