Risala ya Kikundi cha Utafiti wa Lugha za Programu na Usawazishaji wa Data kwa Mgeni Rasmi, Dodoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wetu wa Idara na wahadhiri wote,
Wanachuo wenzetu,
Wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Mbukwenyi!

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima na taadhima tunakukaribisha Dodoma, makao makuu ya nchi, mji wa zabibu, upepo na vumbi jekundu. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyekufikisha salama, na tunakushukuru wewe binafsi kwa kuitikia mwaliko wetu wa kwanza. Wapo waheshimiwa tuliowaandikia mara tatu.

Kikundi chetu kilianza mwaka 2019 kikiwa na wanachama watano, kwenye korido ya ghorofa ya pili, kwa kuwa ndiko mtandao ulikokuwa ukishika. Leo tuko 34 na tuna chumba. Historia ni ndefu ila muda wako ni mfupi, tunaomba tuiache hapo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mafanikio ni mengi na makubwa. Tumeendesha semina ya kila Alhamisi bila kukosa, ukiacha zile Alhamisi ambazo umeme ulikatika, ambazo hatukuziweka kwenye hesabu. Tumeandaa orodha ya istilahi za fani hii kwa Kiswahili. Tumetengeneza lugha ndogo ya programu inayotumia maneno kama “ikiwa”, “vinginevyo” na “rudia”, na wanafunzi wa shule mbili za sekondari wameijaribu kwa siku mbili nzima. Katika miundombinu, tumeongeza meza mbili, ubao mweupe, na betri inayoshikilia kompyuta kwa dakika kumi na moja baada ya umeme kukatika, muda unaotosha kuhifadhi kazi na kuagana. Kimataifa, tuliwasilisha makala kwenye warsha moja ya nje ya nchi kwa njia ya video. Bando liliisha tukiwa ukurasa wa tisa kati ya kumi na miwili, lakini maswali yaliletwa baadaye kwa barua pepe, na ushirikiano huo unaendelea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hata wazazi wetu hutuuliza tunasoma nini hasa. Wakisikia “nadharia ya lugha za programu” hudhani tunasomea ukalimani. Tunaomba ruhusa yako tueleze kwa mfano mmoja, maana ombi letu limejengwa juu yake.

Chukulia soko la mahindi kama lile la Kibaigwa. Karani mmoja yuko lango la mbele na mwingine lango la nyuma, kila mmoja na simu yake, na mtandao hakuna. Asubuhi simu zote mbili zinaonyesha magunia 200. Wa mbele anapokea 30, simu yake inasoma 230. Wa nyuma anapokea 45, yake inasoma 245. Saa kumi jioni mtandao unarudi, simu zinapelekana taarifa ili zikubaliane, na huo ndio usawazishaji wa data. Programu iliyoandikwa harakaharaka huchukua namba iliyofika mwisho, na namba hiyo ikiwa 245, magunia 30 yametoweka. Hakuna aliyeiba, Mheshimiwa, lakini kesho yake mlinzi atahojiwa.

Jibu sahihi ni 275. Njia ya kulipata ni kuacha kubadilishana jumla. Kila simu itunze hesabu ya magunia yaliyopita mikononi mwake tu, na yanayotoka yawe na safu yake. Zikikutana, kila moja ichukue namba kubwa kuliko zote iliyowahi kuonekana kwa kila simu, kisha ijumlishe. Ukifanya hivyo, taarifa ikichelewa haiharibu kitu, ikifika mara mbili haihesabiwi mara mbili, na ya mchana ikitangulia ya asubuhi, jumla ni ileile. Miundo ya data ya namna hii ilipewa msingi wa kinadharia na mtafiti Marc Shapiro na wenzake wa Ufaransa na Ureno mwaka 2011. Kabla yao, mwaka 1978, mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport alionyesha jinsi ya kupanga nini kilitangulia nini bila kutegemea saa za mashine zenyewe. Aliyewahi kuona simu ya karani inayosoma mwaka 1970 baada ya kuzimika anajua thamani ya jambo hilo.

Kazi haijaisha hapo, na ndipo utafiti ulipo. Hesabu hii haizuii makarani wawili kumuuzia kila mmoja mteja wake gunia lilelile la mwisho. Kwa jambo hilo ni lazima waulizane kwanza, mtandao uwepo au wasubiri. Je, mwandishi wa programu atajuaje ni wapi kuulizana ni lazima na ni wapi si lazima? Sisi tunataka lugha ya programu ambayo kompaila yake, yaani programu inayotafsiri alichoandika kwenda lugha ya mashine, itamwambia. Akiandika njia ya kuunganisha data ambayo jibu lake hubadilika kwa sababu tu ya mpangilio wa taarifa kufika, ikatae, na imwonyeshe mstari wenye kosa kabla programu haijafika sokoni. Hiyo ndiyo kazi ya mifumo ya aina katika nadharia ya lugha, yaani kanuni za data ya aina gani inaruhusiwa kutumika wapi: kuzuia kosa likiwa bado karatasini.

Upo pia upande wa pili wa usawazishaji, ambao mtafiti Benjamin Pierce na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliufungulia njia. Ofisi ya wilaya ina muhtasari wa daftari la kijiji, majina na vitongoji tu. Afisa akisahihisha jina kwenye muhtasari, sahihisho lirudije kwenye daftari kuu bila kufuta safu ambazo yeye hazioni? Wao walitunga lugha ambamo kuchukua na kurudisha huandikwa mara moja, kwa masharti mawili: ukirudisha usichokigusa, daftari lisibadilike, na ukirudisha ulichobadilisha, ukichukua tena ukikute hichohicho.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, utaona kwamba fani hii haihitaji maabara ya kemikali wala mashine ya kuagizwa kwa meli. OCaml, lugha ya programu, na Rocq, zana ya kuhakiki uthibitisho ambayo zamani iliitwa Coq, zimetoka Ufaransa na zinapakuliwa bure. Haskell, lugha nyingine ya programu, ni bure. Makala za mikutano mikubwa kama POPL, mkutano wa kimataifa wa nadharia ya lugha za programu, zinasomwa bure. Mkutano huohuo una warsha ya kuwalea wanafunzi wachanga, na wanaochaguliwa husaidiwa gharama za safari. Milango iko wazi. Ila swali ambalo mwombaji hatalikwepa ni hili: unafanya utafiti wapi, na chini ya nani? Kijana wetu aliyemaliza shahada ya kwanza na anayeuza vocha Nkuhungu hana la kujibu.

Na hapa ndipo tunapofika kwenye changamoto. Tunayo moja tu. Tumeagizwa na kamati tusiongeze nyingine, ingawa paa linavuja.

Hatuna hata nafasi moja ya utafiti wa uzamili yenye posho ya kujikimu. Wahadhiri wa kusimamia wapo, maswali yapo, vijana wapo. Katika watano walioanzisha kikundi hiki, mmoja yuko benki Dar es Salaam akitengeneza fomu, wawili wamefungua duka la miamala, mmoja ni mwalimu wa kujitolea Mpwapwa. Wa tano alipata ufadhili Ulaya. Anaandika tasnifu kuhusu daftari la kijiji cha Bahi, na kila mwezi anatupigia simu twende Bahi tumpigie picha za kurasa. Tunakwenda, kwa nauli zetu. Tunampenda na tunamwombea, lakini Bahi iko hapa.

Tunaomba nafasi nne. Posho ni shilingi 600,000 kwa mwezi kwa mtafiti mmoja, kwa miezi 24. Jumla ni shilingi 57,600,000. Tumepiga hesabu hiyo kwa simu mbili tofauti na zote zimekubaliana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa unyenyekevu mkubwa tunaomba kukumbusha kwamba ombi hili si geni. Mwaka 2021 mgeni rasmi wa siku hiyo alituahidi nafasi mbili, tukapiga makofi na vigelegele. Tulipofuatilia tuliambiwa linafanyiwa kazi. Mwaka 2023 mgeni mwingine, naye mtu wa heshima sana, alitukabidhi hundi ya mfano ya shilingi milioni 30, ile kubwa ya ubao ambayo watu wawili huishika wakipiga picha. Picha tunayo. Hundi pia tunayo, iko ukutani nyuma yako. Januari paa lilipovuja tuliifunikia kompyuta na haikupitisha tone. Ni ubao imara, tunamshukuru aliyeileta. Hundi yenyewe ya benki ndiyo hatujaiona.

Tulipokwenda kuuliza, ofisi husika ilitujibu kwa upole kwamba haina kumbukumbu ya ahadi hiyo. Sisi wa usawazishaji hatukushangaa. Hizi ni nakala mbili zilizoachana: yetu inasema iliahidiwa, yao inasema haikuahidiwa. Hatumlaumu mtu. Tunaomba tu zikutanishwe, na isichukuliwe ile iliyofika mwisho.

Wakati mwingine tuliambiwa tuwe na subira, mambo mazuri huenda taratibu. Ni kweli. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulitolewa mwaka 1973, na sisi tulioyaona magari ya wizara yakielekea Mtumba, mji wa Serikali, ni wajukuu wa waliousikia redioni. Lakini shahada ya uzamili ni miaka miwili, Mheshimiwa, na zamani ofisi zilipokuwa Dar es Salaam tungeweza kusingizia umbali.

Kwa hiyo safari hii hatuombi ahadi. Andiko la mradi lipo, kurasa nane, lina mchanganuo wa bajeti, majina ya wasimamizi na ratiba ya kila robo mwaka. Tumelitoa nakala tatu: yako, ya Mkuu wa Idara, na ya kwetu. Mbele yako, pembeni ya chupa ya maji, kuna daftari la dispachi. Tunakuomba, kwa heshima zote na kabla hatujatoka nje kwa picha ya pamoja, ulipokee andiko hilo kwa sahihi yako na tarehe ya leo, na utuandikie jina la afisa tutakayemfuata. Kalamu iko ndani ya daftari, tumeijaribu asubuhi.

Chakula kipo tayari, ugali wa uwele na mlenda, na wali kwa wasiozoea.

Tunaomba kuwasilisha.

Imeandaliwa na kusomwa na Katibu, kwa niaba ya wanakikundi.