Barua ya wazi kwa Kamishna wa Nishati wa Umoja wa Ulaya: kabla ya kutupandishia ada, tuonyeshe volteji

Mheshimiwa Dan Jørgensen,
Kamishna wa Nishati na Makazi,
Tume ya Ulaya, Brussels.

YAH: GHARAMA ZA KUIFANYA GRIDI YA ULAYA KUWA YA KISASA

Mheshimiwa, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza pole na majukumu. Pili, hongera kwa jina "Barabara Kuu za Nishati". Limekaa vizuri mdomoni. Njia nane za kupitisha nishati kati ya nchi, kuanzia Øresund hadi Mlango wa Sicilia, na kitita mlichokitangaza Desemba 2025: euro trilioni 1.2 hadi mwaka 2040, ambamo bilioni 730 ni za mitandao ya usambazaji peke yake. Miaka miwili nyuma mlituambia bilioni 584 hadi 2030. Hela hizi nyingi hazitatoka kwenye hazina ya Tume. Zitaletwa kidogo kidogo kwenye bili, katika ule mstari wa ada ya mtandao wa umeme ambao mtu huulipa kwa miaka na hakuna aliyewahi kumweleza kilicho ndani yake.

Tunaandika kwa Kiswahili kwa kuwa wengi wetu tunaolipa mstari huo, kutoka Hamburg hadi Lisbon, tunaelewana kwa lugha hii. Wewe una wafasiri.

Hatupingi gridi mpya. Tunachohoji ni mpangilio wa kazi. Tuanze na Uhispania, maana kule somo limeandikwa kwa giza.

Tarehe 28 Aprili 2025, saa 6:33 mchana, Uhispania Bara na Ureno zilizimika. Umeme haukuwa haba. Jua liliwaka na ziada ilikuwa inauzwa nje. Mita janja nazo hazikukosekana, kwa sababu Uhispania ilimaliza kuzifunga karibu kila nyumba mwishoni mwa 2018. Gridi iliangushwa na volteji iliyopanda ikakosa wa kuishusha.

Laini ndefu ya kilovolti 400 ikibeba mzigo mdogo hugeuka kapasita. Inazalisha nguvu riaktivu, ile inayokwenda na kurudi bila kuwasha taa wala kuzungusha mota, na volteji inapanda. Ili ishuke, lazima nguvu hiyo inyonywe: na riakta (koili kubwa) iliyofungwa kituoni, na jenereta kubwa linalozunguka, au na inverta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli kuwa wa gridi, ikiwa imepangwa kufanya hivyo. Mchana ule gridi ilianza kuyumba saa 6:03, kwa mawimbi ya hezi 0.6, ikarudia saa 6:19, safari hii hezi 0.2. Waendeshaji wakafanya walichofundishwa. Walipunguza umeme unaokwenda Ufaransa na kurudisha kazini laini zilizokuwa zimezimwa, ili gridi ikaze. Ikatulia. Lakini kila laini iliyorudi na mzigo mdogo ilikuwa kapasita nyingine. Volteji ikapanda, transfoma moja upande wa Granada ikajitoa, ikafuata mitambo ya Badajoz, kisha mingine. Kila uliojitoa ulikuwa unanyonya kiasi fulani, kwa hiyo volteji ilizidi kupanda na kuutoa wa pili. Kutoka Granada hadi giza hazikufika sekunde 30.

Mashamba ya jua na upepo yalikuwepo yote, na inverta zake zina uwezo wa kunyonya. Kanuni iliyotumika wakati huo iliyataka yashikilie uwiano uleule kati ya nguvu halisi na nguvu riaktivu, volteji iwe juu au chini. Kwa mujibu wa ripoti ya serikali ya Uhispania, mitambo ya kawaida, yenye jenereta zinazozunguka, iliyopangiwa kushika volteji siku hiyo ilikuwa 10. Mmoja ulitoa udhuru usiku wa kuamkia, na nafasi yake haikujazwa. Isitoshe, Uhispania huruhusu laini za 400 zifike kilovolti 435, wakati sehemu kubwa ya Ulaya husimama 420, hivyo nafasi inayobaki kabla ya vifaa kujitoa ni finyu. Kanuni mpya ilipitishwa Juni 2025. Mwezi uliofuata zikapatikana karibu euro milioni 750 za vifaa vya kudhibiti volteji, ikiwemo ile mitambo mizito inayozunguka bila kuchoma mafuta. Zilipatikana haraka ajabu, Mheshimiwa, ukilinganisha na miaka ambayo wahandisi walikuwa wakizilalamikia volteji hizo.

Na upande wenu? Shirika lenu la wadhibiti wa nishati, ACER, liliikabidhi Tume mapendekezo ya kanuni mpya za mitambo ya kuzalisha umeme Desemba 2023, yakiwemo ya inverta zenye uwezo wa kuishika gridi badala ya kuifuata tu. Miezi 16 baadaye Uhispania ilizimika, na mapendekezo yalikuwa bado mapendekezo. Kwetu Afrika Mashariki gridi ikianguka tunapewa tangazo la "hitilafu kwenye Gridi ya Taifa" na maisha yanaendelea. Tulidhani huku kuna maelezo marefu zaidi, na kweli yapo. Yanakuja baada ya giza tu.

Tukumbushane na ahadi, kama hutajali. Barcelona, 2002: viongozi walikubaliana kila nchi iweze kupitisha mpakani umeme wa asilimia 10 ya uwezo wake ifikapo 2005. Mwaka 2014 ikawa asilimia 10 ifikapo 2020, na baadaye 15 ifikapo 2030. Kati ya Uhispania na Ufaransa bado ni karibu asilimia 3 ya uwezo wa Uhispania. Kebo ya Ghuba ya Biscay, kilomita 400 hivi na gigawati 2, inangojewa 2028. Bei yake imepanda kutoka euro bilioni 1.75 hadi 2.85. Hii tunaiunga mkono, na kwa sababu ambayo hamuitaji mnapoinadi: vigeuzi vyake vya umeme mnyoofu vinaweza kunyonya au kutoa nguvu riaktivu kila upande, hata umeme wenyewe usipovuka.

Ujerumani, SuedLink, kilomita 700 kutoka pwani ya kaskazini hadi viwanda vya kusini, iliahidiwa 2022. Mwaka 2015 ikaamuliwa ipite chini ya ardhi, mipango yote ikaanza upya, na sasa tunaambiwa mwisho wa 2028. Huku nyuma, upepo wa kaskazini, usio na laini za kutosha kuufikisha kusini, unazimwa kwa fidia na mitambo ya kusini inawashwa kwa malipo. Mwaka 2023 mchezo huo ulikula zaidi ya euro bilioni 3. Tunaulipia umeme usiozalishwa, kisha tunaulipia uliochukua nafasi yake, na barua zinazotuletea bili hutushukuru kwa kuchangia mageuzi ya nishati. Asante nanyi.

Tushuke mtaani, penye zile bilioni 730. Ninyi wenyewe mmesema asilimia 40 ya mitandao ya usambazaji ina zaidi ya miaka 40. Transfoma ya mtaa ya wakati huo ina swichi ya hatua tano, kila hatua asilimia 2.5 ya volteji, na huwezi kuigusa mpaka uzime mtaa mzima. Ilipangwa enzi ambazo umeme ulikwenda upande mmoja, kwa hiyo iliachwa juu kidogo ili nyumba ya mwisho isipungukiwe. Leo nyumba hiyo ya mwisho ina paneli. Mchana volteji yake inapita volti 253, kikomo cha asilimia 10 juu ya 230, na inverta inajizima. Mwenye nyumba anamlaumu fundi. Fundi anabadilisha inverta, na kesho yake inazima tena. Dawa ni kupima volteji upande wa chini wa transfoma kwa wiki chache, kushusha swichi hatua moja pale vipimo vya jioni vya nyumba ya mwisho vinaporuhusu, na pasiporuhusu, kufunga transfoma inayobadili hatua yenyewe ikiwa na mzigo. Kuchimba barabara na kulaza kebo mpya kuje mwisho. Mara nyingi huja kwanza.

Hali ni hiyohiyo juu ya nguzo. Waya mpya unaovumilia joto unaweza kupitisha karibu maradufu kwenye nguzo zilezile, na vihisi vya upepo na joto huiruhusu laini ibebe zaidi siku za baridi. Ubelgiji inavitumia tayari. Kinachoharibu kazi ni kubadilisha waya na kuacha viungio, swichi za kituoni na transfoma za kupimia mkondo zilivyokuwa. Laini inakuwa mpya, kikomo kinabaki cha zamani.

Kwa nini njia hizi zinaachwa nyuma? Tunadhani ni malipo. Katika nchi nyingi kampuni ya gridi hupata faida juu ya mali iliyojenga, kwa miongo. Kihisi cha bei ndogo na saa za mhandisi haviingizi faida hiyo. Tukiwa tumekosea, tukosoe kwa hesabu.

Ombi letu ni moja. Kabla ya ada ya mtandao kupanda tena, chapisheni orodha ya kila kituo cha kupooza umeme: volteji ya juu iliyopimwa mchana, kifaa gani kinaweza kuishusha, kinanyonya kiasi gani, na kilijaribiwa lini kikiwa kazini. Kilichoandikwa kwenye mkataba hakitoshi, tunataka kilichojaribiwa. Mitaani, idadi ya transfoma zenye kipimo upande wa chini na zisizo nacho. Takwimu nyingi kati ya hizi waendeshaji wa gridi wanazo tayari, na pale wasipokuwa nazo, hilo nalo liandikwe kwenye orodha.

Orodha hiyo, Mheshimiwa. Ya barabara kuu tutaongea ikishatoka.

Wako katika kulipa bili,

Mafundi na wahandisi wa umeme wazungumzao Kiswahili, Ulaya.

Nakala: Mawaziri wa nishati wa nchi wanachama, wadhibiti wa nishati wa kitaifa.