Mkishamwambia asikate tamaa, mwambieni na usajili unafungwa lini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongelee hili la hamasa maana sasa limekuwa kero. Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka mwezi wa kwanza mitandao inajaa usikate tamaa, kufeli sio mwisho wa maisha, fulani naye alipata zero na leo ana magari matatu, halafu anakuja motivesheno spika na suti yake anaongea lisaa lizima, watu wanapiga makofi wanasambaa, na yule mtoto mwenyewe aliyefeli hata hayupo ukumbini, yuko nyumbani kajifungia chumbani, simu kazima, chakula anaachiwa mlangoni na mdogo wake. Sina ugomvi na maneno mazuri jamani. Ugomvi wangu ni kwamba yanaishia hapo hapo.

Mimi nafundisha madarasa ya jioni hapa Iringa, wanafunzi wangu ni wa PC na QT, yaani wanaorudia mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea na wale ambao sekondari hawakuwahi kukanyaga au waliishia njiani, wakaanzia kwenye ule mtihani wa maarifa. Kitu ninachokiona kila mwaka ni hiki: matokeo yanatoka Januari, na usajili wa PC nao unafanyika mwanzoni mwa mwaka huo huo, ukichelewa unalipa na faini juu, ukichelewa zaidi ndo basi tena mpaka mwaka unaofuata. Sasa mtoto kashalia wiki ya kwanza, wiki ya pili baba hasemi naye, wiki ya tatu mjomba kaja kumpa maneno ya hekima, mwezi umekatika hamna hata mtu mmoja aliyeuliza kituo cha kujisajili kiko wapi. Anakuja kwangu mwezi wa tano kachangamka, kasikiliza klipu za hamasa mpaka kaiva, ana moto kweli kweli, namuuliza umejisajili? Ananiangalia tu.

Na wengine hata hawajui kwamba hawahitaji kurudia yote. Kwenda kidato cha tano unatakiwa uwe na angalau C tatu, kuna mtoto ana C mbili na D za kutosha, huyo kilichomwangusha ni somo moja au mawili, lakini pale nyumbani kashaitwa kilaza, na yeye mwenyewe kaamini, kwa hiyo akisikia kurisiti anaona ni kubeba mzigo wote upya kama miaka minne haikuwepo. Ukikaa naye na karatasi ya matokeo ukamwonyesha kwa kidole, hii umeshaipata, hii umeshaipata, tatizo ni hii hapa, unamwona anavyovuta kiti karibu. Sijamhamasisha mimi hapo, nimemsomea tu karatasi yake.

Halafu kuna huu mchezo wa kumtaja mzee John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu wa marathoni, kwenye kila semina. Tunaijua wote, Mexico 1968, marathoni, mji uko juu zaidi ya mita 2,200, hewa nyepesi, kakabwa na misuli, halafu wakiwa karibu kilomita ya 19 wakagongana akaanguka goti likaumia vibaya, akafungwa bandeji akaendelea, mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia kamaliza kwa saa 2 na dakika 20, yeye kaingia uwanjani giza limeshashika, saa 3 na dakika 25, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, na walioanza walikuwa 75. Akaulizwa kwa nini hakuacha, akajibu kwamba nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio, ilimtuma kumaliza. Hapo spika anashusha sauti, ukumbi kimya, kesi imeisha.

Kesi haijaisha! Mbona hamna anayesema kwamba miaka miwili baadaye, 1970 kule Edinburgh kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola, Akhwari huyo huyo alishika nafasi ya tano kwenye marathoni kwa saa 2 dakika 15 na sekunde 5? Dakika 15 sekunde 5, goti lile lile. Hakuwa mtu wa kuhurumiwa aliyejikokota kwa moyo tu, alikuwa mwanariadha haswa, na kabla ya Mexico alishakuwa bingwa wa Afrika, kwa hiyo hata ile kutembea na bandeji ilibebwa na miguu iliyokimbia milima ya Mbulu kwa miaka. Na baada ya kuanguka alirudi mazoezini, ndo nusu ya hadithi ambayo watoto wangeihitaji zaidi ila haina machozi kwa hiyo haisimuliwi.

Mimi kwa kweli mtu ninayemtaja darasani ni Filbert Bayi, mkimbiaji wetu mwingine. 1974 Christchurch anaweka rekodi ya dunia mita 1,500, kaongoza toka mwanzo mpaka mwisho, John Walker wa New Zealand kamfukuza hakumpata, mwaka uliofuata anachukua na rekodi ya maili. Dunia nzima inasubiri Olimpiki ya Montreal 1976 wakutane tena. Nchi nyingi za Afrika zikagoma, Tanzania ikiwemo, sababu ni timu ya raga ya New Zealand iliyokwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Bayi hakukimbia. Dhahabu ya 1,500 akachukua nani? Walker wa New Zealand. Hebu fikiria mtu unakaa nayo vipi hiyo, hujafeli, hujaumia, hujakosea popote, na ule mgomo wenyewe ulikuwa na haki yake siwezi kuulaumu, lakini miaka yako bora ndo ile inapita.

Sasa alichofanya ndo ninachokipenda. Hakung'ang'ania 1,500 mpaka mwisho, alihamia mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, mbio nyingine kabisa, akaenda Moscow 1980 akaongoza kwa mbali mpaka Bronislaw Malinowski wa Poland alipompita mzunguko wa mwisho, akarudi na medali ya fedha, na Mtanzania mwenzake Suleiman Nyambui akarudi na ya kwake ya mita 5,000, na mpaka leo Tanzania hatujapata medali nyingine ya Olimpiki zaidi ya hizo mbili. Kwa hiyo mwanafunzi akiniambia mwalimu mimi fizikia haipandi lakini nyumbani nimeshatengeneza feni za majirani wote, simwambii akaze buti, namwambia aende chuo cha ufundi cha VETA akaulize umeme, na baba yake akikasirika aje kwangu tuongee.

Wazazi wengine wanaona VETA ni adhabu. Hilo nalo ni la barua nyingine.

Kuna mama mmoja darasani kwangu anauza chapati na maharage karibu na stendi. Aliachishwa shule zamani kwa sababu ya ujauzito, enzi ambazo ukishatoka geti ndo limefungwa, maana ruhusa ya wasichana waliojifungua kurudi shuleni imekuja Novemba 2021, yeye ilimkuta ana mtoto mkubwa kuliko dawati. Wateja watatu wakimpa noti tofauti kwa mkupuo anawarudishia chenji bila kufikiria, ila ukimwandikia milinganyo kwenye ubao anaganda. Jaribio lake la kwanza alipata 11 kwa 100. Hakulia wala hakuomba maneno ya faraja, alifungua daftari lake lina madoa ya mafuta akasema, mwalimu, la kwanza nilikosea wapi? Tukalifanya. La pili? Tukalifanya, mpaka mlinzi akaja na funguo zake. Tangu siku hiyo kila jioni anakuja na swali moja kalikunja kwenye kibwebwe, analimaliza ndo anaenda kuloweka maharage. QT kapita, sasa hivi yuko kidato cha nne cha PC na hesabu bado inamsumbua, sitaki nikudanganye.

Na tusisahau kwamba kufeli kwenyewe sio mara zote ni uzembe wa mtoto. Matokeo ya 2012 zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata zero, serikali ikaunda tume, 2013 yakafutwa yakapangwa upya, kuna watoto walioamka wameshaitwa vilaza mtaa mzima wakalala wamefaulu. Ubongo wao ulikuwa ule ule. Aliyewatukana aliwaomba radhi? Sijasikia.

Ombi langu Mhariri ni dogo. Baraza la Mitihani lilishaacha kutangaza kumi bora wa matokeo, nashukuru, ile nafasi mliyokuwa mnaweka picha za waliofaulu mnayo bado. Januari ijayo, siku matokeo yakitoka, wekeni hapo tarehe za usajili wa PC na QT, ada, faini ya kuchelewa, na namna ya kupata kituo kilicho karibu, muandike kwa herufi kubwa bibi asome bila miwani. Mkiona nafasi haitoshi, ile safu ya nukuu za hamasa ya kila Jumatatu inaweza kupumzika wiki mbili, sidhani kama kuna atakayepiga simu kuiulizia.

Mwalimu wa jioni,
Iringa